Mwanahija na Mhungaria Wake

Asubuhi ile kuta zilikuwa zinatoka jasho. Mwezi wa nne hapa Guangzhou ni hivyo. Unyevu unapanda mpaka ghorofa ya tisa, nguo hazikauki, sakafu inateleza. Nilikuwa nafuta sakafu kwa gazeti la Kichina. Mwanahija alikuwa jikoni anapika chapati za maji.

"Baba Abdu, unafuta au unapaka?"

"Nafuta."

"Mimi naona unapaka."

Tukanywa chai ya tangawizi. Alikula chapati moja, ya pili akanisogezea. Sikushangaa, kila siku alinisogezea ya pili. Mimi nilikuwa naelekea bandarini Nansha, kontena letu lilikuwa linapakiwa. Yeye alikuwa anakwenda sokoni Zhongda kukagua majora ya vitambaa.

Alijitanda mtandio wa kijivu. Akatafuta miwani meza nzima, kumbe ipo kichwani kwake. Nikamwambia. Akasema, "Ningeiona mwenyewe." Alipofika mlangoni akasimama, akaniambia maneno. Nilikuwa nahangaika na kiatu, nikaitikia tu, haya, haya. Lifti ikaja, akaingia.

Saa nane mchana simu ililia. Kontena lilikuwa limejaa nusu. Aliyepiga ni yule mama wa Kichina mwenye duka la vitambaa, tumezoeana naye miaka kumi na tatu. Kichina changu ni cha bei, na cha "meiyou", neno lao la kusema hakuna. Aliongea mengi, sikushika hata moja. Aliponyamaza akaanza kulia, ndipo nilipoelewa.

Watu wa pale dukani walinisimulia baadaye. Mwanahija alichomoa uzi kwenye jora, akauchoma kwa kiberiti, akaunusa. Ndivyo alivyokuwa akiipima pamba. Akamwambia yule mama, "Hii siyo pamba, rafiki yangu, usinidanganye." Kisha akakaa juu ya majora, akaomba maji ya moto. Maji yalipoletwa alikuwa amekwisha. Daktari aliandika ni moyo.

Karatasi zilichukua siku mbili. Wanawake wa Kitanzania walimwosha, tukamzika hapa hapa, kwenye makaburi ya Waislamu. Mvua ilikuwa ndogo. Alikuwa na miaka sitini na nne. Mimi nina sabini na moja.

Wa nyumbani Tanga wameniomba nieleze Mwanahija aliishije huku, maana wengi hawakumwona miaka mingi. Mimi si mwandishi. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaru, nikaishia hapo. Nasoma Kiswahili tu, tena taratibu. Nitasema ninayoyajua.

Alizaliwa Ngamiani, baba yake fundi cherehani. Alisoma mpaka kidato cha nne, Kiingereza akakijua sawasawa. Jumapili alikuwa anakwenda sinema kutazama picha za Kihindi. Akirudi, anakuta wanawake wa mtaa wamemngoja na mikeka yao. Wengine waume zao walikuwa hawawaruhusu kwenda. Mwanahija aliwasimulia picha nzima, na nyimbo anaziimba kwa Kihindi cha kubuni. Majina ya Wahindi hakujisumbua nayo. Steringi alimwita Jaffari, mchumba wake Sesilia, na adui alimpa jina la mwenye nyumba wao. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyeniambia, "Kaoe kule. Nyumba haitakuwa kimya."

Haikuwa kimya.

Tulipokuja huku tulikuwa watu wazima tayari. Yeye ndiye aliyeijua biashara. Kitambaa alikipapasa kwa vidole viwili, amefumba macho, huku anazungumza mambo mengine. Wachina wa Zhongda walimwogopa na walimpenda. Akiambiwa bei anacheka kwanza, mpaka mwenye duka naye anacheka, halafu anasema bei yake. Wanafunzi wetu wa vyuo, Waislamu kwa Wakristo, walikuja kula kwetu. Aliwasema kwa kukonda kwao, kisha akawajazia sahani.

Filamu za Mhungaria alizipata karibu na soko la Shisanhang, kwenye duka la sidii lililokuwa linafungwa. Mwenye duka alikuwa anatupa vitu nje. Kasha moja lilikuwa na picha ya bibi wa Kizungu amefunga kichwa, anatazama theluji.

Mwanahija akasema, "Tazama, amejitanda kama shangazi yangu wa Pangani."

Akalichukua. Ndani mlikuwa na filamu tano za mtu mmoja, mtu wa Hungaria. Jina lake refu, lina nukta juu ya herufi. Lilitushinda kulitamka. Tukamwita Mhungaria basi, kama mtu anavyomwita jirani.

Filamu zake si za mwenye haraka. Rangi hamna, nyeusi na nyeupe. Ngumi hamna. Mtu anatoka nyumbani kwake anatembea, na wewe unatembea naye mpaka miguu inakuuma. Moja ni ya mwanamke anauza mabata bukini. Anawaswaga barabarani filamu nzima, jioni anarudi nao wote.

"Huyu hakuuza hata mmoja?" niliuliza.

"Hakupata mnunuzi mwenye adabu," alisema Mwanahija.

Wanaongea Kihungaria, na chini yanapita maandishi ya Kiingereza. Mimi siyawezi. Kwa hiyo kila Ijumaa, baada ya sala na chakula, Mwanahija alikaa kwenye kochi, miguu juu, akanisomea kwa Kiswahili. Ilikuwa kama kule kwenye mikeka. Mwanamume wa filamu zote tano alikuwa Vedasto. Mkewe alikuwa Edina. Nilimwuliza kwa nini majina ya Kikristo.

"Kwani umewaona wakiswali?"

Mhungaria alipenda kimya. Mtu anamenya viazi, au anatazama dirisha, dakika nyingi. Pale Mwanahija hakunyamaza. Alisema, "Anasema moyoni." Kisha anayasema hayo ya moyoni. Macho yangu mimi yalikuwa kwenye nyuso za watu, chini sitazami, nikatazame nini. Nilijua yameandikwa.

Sasa niseme habari ya filamu ya pili. Ndiyo iliyofanya nimwogope yule Mhungaria.

Ni ya watu wanaokaa kando ya reli. Asubuhi Vedasto anapanda treni. Edina anabaki mezani anapukuchua maharage. Anapukuchua, anapukuchua, hakuna kingine. Mwanahija akasema, taratibu, bila mikogo yake:

"Anasema moyoni. Mtoto alishikwa na homa Vedasto yuko safarini. Nikatuma mtu. Mtu akamkuta kituoni. Treni ya kurudi ilikuwa imesimama pale pale, inatoa moshi. Yeye akapanda ya kwenda mbele. Mtoto nikamzika na majirani."



Sisi tulikuwa na mtoto, Abdulsalam. Alikufa mwaka wa themanini na saba, ana miaka minne. Mimi nilikuwa utingo wa lori la mizigo, Tanga mpaka Kigali. Tulikuwa tumelala Kahama. Dereva mmoja wa Ngamiani akanikuta pale uwanja wa malori, akaniambia, "Msabaha, mwanao hali mbaya. Mama yake anakuita." Yeye alikuwa ameshashusha mzigo wake, anageuza kurudi Tanga, na kiti kilikuwa wazi. Injini ilikuwa inaunguruma. Nikafikiri, nikiliacha lori tajiri atanifukuza. Nikapanda letu, nikaenda Kigali.

Nilifika nyumbani siku ya kumi na tisa, mtoto ameshazikwa. Nilimwambia Mwanahija ujumbe haukunifikia. Akasema, "Haya." Akaniwekea chakula. Hatukulisema tena jambo hilo, maisha yetu yote. Watu waliendelea kumwita Mama Abdu. Mimi jina hilo lilinishinda, nikamwita Mwanahija. Yeye hakuacha kuniita Baba Abdu.

Kwa hiyo niliposikia ya treni nilimlaani Vedasto kwa sauti kubwa. "Mtu gani huyu! Hana utu huyu, mshenzi mkubwa!" Nilipiga kelele ili Mwanahija asije akanitazama mimi. Hakunitazama. Alikuwa anatazama maharage.

"Mwache, Baba Abdu," alisema. "Alikuwa kijana, aliogopa kupoteza kazi."

"Hayo yameandikwa?"

"Yameandikwa."

Siku nyingi nilimfikiria yule Mhungaria. Mtu yuko huko kwenye theluji, Afrika hajafika, habari ya Kahama ameijuaje? Nikasema huenda wanaume wa dunia nzima wana Kahama yao. Hilo lilinipa nafuu kidogo. Nikawa namwogopa, na nikitaka kumsikia tena.

Zile nne za kwanza tulizirudia miaka mingi. Ya tano Mwanahija hakuiweka. Kila nikimwomba alisema bado. Nikimwuliza bado nini, alisema, "Sijawa tayari nayo, ina baridi sana."

Ijumaa ile, siku moja kabla ya asubuhi niliyoieleza, akaiweka mwenyewe bila kuombwa. Vedasto na Edina wamezeeka sasa. Nyumba ndogo, jiko la makaa, theluji imeziba nusu ya dirisha. Wanakaa. Mwanahija alisema maneno machache tu siku hiyo. Kisha Vedasto akamgeukia mkewe, akatamka neno.

Mwanahija akasema, "Anamwuliza. Edina, umenisamehe?"

Edina akageukia dirisha. Akakaa hivyo. Nilikuwa nimelishika goti langu kwa mikono miwili. Mara simu ya Mwanahija ikaadhini alasiri. Akaisimamisha filamu.

"Maliza kwanza," nikasema. "Amemsamehe?"

"Nakwenda kutawadha."

"Neno moja tu, Mwanahija."

"Umengoja miaka yote hiyo, unashindwa kungoja kesho?" Akacheka. Jioni wakaja wageni. Hatukuirudia.

Kesho yake akafa.

Runinga niliiacha vile vile, sidii imo ndani. Ndugu walipiga simu kuuliza, utarudi Tanga au utabaki? Nikawajibu subirini. Yule mama wa Zhongda alikuja na jora zima la pamba, pamba ya kweli safari hii, akaliweka mlangoni, akainama, akaondoka. Watu walidhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Mimi nilikuwa nataka kujua kitu kimoja. Edina alimsamehe au hakumsamehe? Ningemwambia nani hivyo? Mzee wa miaka sabini na moja anangoja jibu la mwanamke wa kwenye runinga.

Baada ya khitma ya arobaini akaja Chepkoech. Ni Mkenya wa Kericho, mtu mzima, ana watoto wake kwao, yuko hapa chuoni anasomea mambo ya maji. Alikuwa rafiki wa Mwanahija. Ilikuwa Jumapili asubuhi, ametoka kanisani, ameleta mkate na maziwa.

"Mzee Msabaha, nikusaidie na nini? Nifue? Nipike?"

"Kiingereza unakijua?"

"Si ndicho nafundishia huko kwetu, Mzee."

"Basi nisomee filamu."

Alinitazama sana. Kisha akavua viatu, akaketi. Hakukaa pale pa Mwanahija, alichukua kiti.

Tukaianza ya tano kutoka mwanzo. Watu wakatembea kwenye theluji, wakaingia ndani, wakakaa. Chepkoech kimya.

"Soma, mama."

"Hakuna kitu imeandikwa, Mzee."

"Hapa anasema moyoni."

"Nani?"

"Edina."

"Edina ni nani?"

"Huyo hapo, mkewe Vedasto."

"Mzee, hawa hawajatajwa majina. Na hakuna maneno inapita. Angalia hapo chini."

Nikatazama chini kwa mara ya kwanza. Kweli, palikuwa peusi, patupu. Meiyou.

Tukafika mahali penyewe. Vedasto akamgeukia mkewe, akatamka neno lake. Maandishi yakapita, niliyaona. Nikashika goti.

"Anauliza kama makaa imebaki," alisema Chepkoech.

"Makaa?"

"Makaa ya jiko."

"Soma vizuri."

Alirudisha nyuma, akasoma tena, kidole chake kwenye kioo, neno kwa neno. Makaa yamebaki? Edina akageukia dirisha.

"Na yeye anajibu nini?"

"Hajibu. Anaangalia nje tu. Ni kama anangojea gari ya makaa."

Tukatazama mpaka mwisho. Jiko likazimika. Vedasto akavaa koti, akachukua ndoo, akatoka. Majina yakapanda. Basi.

Chepkoech akauliza, "Ulikuwa unatafuta nini, Mzee?"

Nikamwambia aweke ya pili. Aliiweka. Treni ikaondoka, Edina akaanza maharage yake. Niliona mwenyewe chini patupu. Baadaye akaingia jirani, wakaongea.

"Anamwambia jirani kwamba bwana yake ameenda mjini kung'olewa jino."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Mwenye homa."

"Mzee wangu, hii nyumba haina mtoto."

Nikamwomba azime. Akazima. Kisha akauliza nani alikuwa ananisomea. Nikamwambia Mwanahija.

"Mama Abdu alikuwa anajua Kiingereza kuliko mimi," alisema. "Huyo hakukosea kusoma."

"Najua."

Akaosha vikombe, akaenda zake. Nilibaki nimekaa. Mhungaria hakuijua Kahama. Alijua jino na makaa. Aliyeijua Kahama ni Mwanahija. Yule dereva alikuwa anakaa barabara ya kumi na mbili, sisi ya kumi na tano. Angekosaje kumwambia? Nilikuwa mjinga kufikiri amekosa. Alijua siku ile ile niliyofika, nikala chakula chake na kumwambia ujumbe haukunifikia. Akakaa nalo miaka thelathini na nane. Hakunisuta, hakuwaambia mashoga zake, wala hakunivizia nikosee anitupie. Alingoja mpaka alipompata mtu wa mbali asiyesema, akalipitisha kwenye kimya chake. Nami badala ya kusema ndiyo, ni mimi, nikamwita mshenzi. Alinifungulia mlango, nikatukana.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kaburini peke yangu. Nilimsomea ninachokijua. Kisha nikamwambia ya Kahama, kwa sauti, kama alivyostahili kuambiwa. Dereva alinikuta. Kiti kilikuwa wazi. Injini ilikuwa inaunguruma. Nikamwita Mama Abdu. Mlinzi wa makaburi, Mchina Mwislamu mzee, alinitazama kutoka kwenye kibanda chake, akageuza uso.

Nilimwuliza na lile swali la Vedasto, umenisamehe? Makaburini hakuna anayejibu. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu niondoke, nimeinama, ndipo yaliponirudia maneno yake ya asubuhi ile mlangoni. Nilikuwa nimeyaitikia bila kuyasikiliza, lakini kumbe sikio liliyaweka. Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja, lifti inakuja, mimi nina kiatu kimoja mguuni. Alisema hivi:

"Ile filamu usiimalize peke yako, Baba Abdu. Utamwonea Vedasto, na mimi sipo wa kumtetea."